Takwimu Bila Fomu: Wanahabari wa Kenya na Kura za Urais

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, na nyinyi vijana mnaosomea uanahabari, hamjambo.

Tukitaja upendeleo wa vyombo vya habari katika siasa, wengi humfikiria mtangazaji anayemsifia mgombea wake, au bahasha inayogawiwa mkutano wa hadhara ukiisha. Hayo yapo, na yanaaibisha kazi yetu. Mimi nimekuja kuzungumzia upendeleo usio na kelele: mhariri anao ukweli mezani na anauacha ulale pale, au anatangaza takwimu bila kusema amezipata wapi.

Tarehe 30 Desemba 2007, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi, na Kibaki akaapishwa Ikulu jioni ileile. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia za wiki zilizofuata. Tarehe 3 Januari 2008 magazeti yalitoka na kichwa kimoja cha habari, kuwasihi Wakenya wainusuru nchi yao. Nauheshimu sana moyo ulioandika maneno yale. Lakini mwananchi aliyetaka kujua nani alipata kura ngapi, na wapi, ukurasa ule haukumjibu, na hesabu zilizokuwa zikikusanywa na vyumba vya habari hazikumfikia zikiwa kamili.

Kisha hofu ikaingia. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, akishtakiwa kwamba matangazo yake yalichangia ghasia hizo. Kesi hiyo ilikatizwa Aprili 2016. Kwa hiyo uchaguzi wa Machi 2013 ulipofanyika kesi ilikuwa bado hai, na kila mhariri aliikumbuka. Mitambo ya kuwatambua wapiga kura ilikwama katika vituo vingi, na ule wa kupeleka matokeo nao ukaanguka. Hiyo ilikuwa habari ya kuchimbuliwa usiku kucha. Tuliletewa mahubiri ya amani. Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, na maswali magumu yakaachiwa mawakili.

Nasema wazi: kuhubiri amani huku ukimkwepa anayepaswa kuhojiwa ni kuegemea upande, na upande wenyewe ni wa aliyeshika mamlaka.

Mwaka 2017 runinga zilionyesha takwimu zilizokuja kutoka tume, saa baada ya saa, ilhali fomu za matokeo za maelfu ya vituo zilikuwa hazijafika. Nani aliandika chini ya kioo kwamba takwimu hizi hazijathibitishwa kwa fomu? Septemba 1, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi ule, na upelekaji wa matokeo ulikuwa kiini cha kesi.

Agosti 2022 mambo yalibadilika. Tume iliweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, kila mtu azisome. Vyombo vikaanza kujumlisha, kila kimoja kivyake. Mtu akibadilisha stesheni anamkuta William Ruto akiongoza huku, Raila Odinga kule, saa ileile. Huo haukuwa lazima uwe wizi: aliyeanza na fomu za Bonde la Ufa, ngome ya Ruto, na aliyeanza na za Nyanza, ngome ya Raila, hawawezi kulingana mapema. Lakini mtazamaji hakuelezwa. Na kwa kuwa mwenye Royal Media Services, kampuni ya Citizen TV, S.K. Macharia, hakuficha kwamba anamuunga mkono Raila, na familia ya Kenyatta, rais wa wakati huo aliyemuunga mkono Raila pia, inahusishwa na Mediamax, kampuni ya K24, watu walijaza pengo hilo kwa dhana. Baadaye hesabu zikapungua kasi, nyingine zikakoma kabisa kabla ya Ruto kutangazwa mshindi kwa asilimia 50.49.

Kanuni za maadili ya uanahabari chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinadai usahihi na haki. Kwenye dawati la uchaguzi, hiyo ni kazi ya mikono. Kando ya kila jumla andika idadi ya fomu zilizosomwa, na kaunti zilikotoka. Fomu yenye utata ionyeshwe. Hesabu ikisimama, mtangazaji aseme imesimama saa ngapi, kwa sababu gani, na kwa amri ya nani. Mmiliki akiwa na mgombea, hilo nalo lisemwe hewani, na kanuni za kujumlisha ziandikwe na kutangazwa kabla ya siku ya kura, si usiku wa matokeo simu zinapoanza kulia.