Baraza ya mbele ya nyumba ibaki au ifutwe?

TIME: Asalaam alaykum wasikilizaji. Leo tuliahidi mambo matatu: tofali, kibali na gharama. Lakini Asha kaja na ramani ya nyumba yake mwenyewe, na hapa mbele naona pamechakaa.

ASHA: Pamefutwa. Jumapili usiku nimeitandaza mezani, shemeji yako kachukua kifutio cha mtoto, kaisugua baraza, pale pa kukalia nje ya mlango, mpaka karatasi ikatoka manyoya. Anataka ukuta na geti.

TIME: Na mie niko naye.

ASHA: Time!

TIME: Unajenga Fuoni, nje ya mji, shoga, si Mji Mkongwe wa Unguja. Wanaume watakaa pale tangu alasiri mpaka usiku. Wewe na binti zako mtatokaje? Sitara iko wapi?

ASHA: Sitara ndiyo niliyoichora! Tazama. Ukifungua mlango unakutana na ukuta, ndipo unapinda kuingia ukumbini. Aliye barazani haoni ndani hata mlango ukiwa wazi. Kupika, kuanika, kukaa na mashoga, yote uani, na uani kuna mlango wake wa kutokea. Baraza ni ya mgeni asiyepaswa kuingia ndani. Ukiiondoa, rafiki wa mume wangu ataletwa sebuleni, mie nikajifungie chumbani.

TIME: Majumba ya mjini yana ghorofa, wanawake walikaa juu.

ASHA: Si yote. Na sikopi jumba. Wale walijenga kwa mawe na chokaa, kuta nene, vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki upana mkubwa. Mie nina zege na nondo, chumba nakipanua. Nilichochukua kwao ni mpangilio. Halafu baba mkwe anahamia kwetu kutoka Wete. Alasiri akae wapi? Mbele ya televisheni?

TIME: Akae uani, kivulini.

ASHA: Katikati ya masufuria? Nani atapita amwamkie? Mzee akikosa wa kumpa salamu atatamani kurudi Pemba.

TIME: Kwetu tulikuwa na baraza, Asha. Nikitoka skuli nazungukia uchochoro wa nyuma, kwa sababu mbele wamejaa na kila mmoja ana neno. Usichana wangu wote. Hakuna ramani itakayoniondolea hilo.

ASHA: Wale walikuwa hawana adabu. Baraza ina kosa gani?

TIME: Ndiyo iliyowapa pa kukaa.

ASHA: Sikubali.

TIME: Wala mie. Na muda ndio huo umekwisha, kibali na gharama hatujavigusa.

ASHA: Basi yule msikilizaji aliyeuliza kwa nini tofali zake za saruji zinamong'onyoka: zimwagilie maji kila siku, wiki nzima angalau, na uzifunike jua lisizikaushe upesi. Usizijengee zikiwa mbichi, hata fundi akikuharakisha.

TIME: Na mchanga wa pwani?

ASHA: Usiutumie, una chumvi, itakula nondo. Mengine wiki ijayo.