Pima za Bibi

SIDE: Haya karibuni tena wapendwa, leo tumehama, tupo sebuleni kwa Dada Zu huku Mbagala kwa hiyo mkisikia bodaboda inapita msituhukumu, studio ndo hii. Halafu nimekalishwa chini jamani. Makochi yapo, nayaona, nimekalishwa chini.

DA ZU: We mgeni gani unalalamika kabla hujapewa chai? Kochi la sponji na joto hili la Februari utaungua mgongo. Hapo chini kuna ubaridi, mkeka wa ukindu huo, sio ule wa plastiki.

SIDE: Tuanzie hapohapo basi, maana mimi kwetu Morogoro yote tunaita mkeka tu. Ukindu, milala, miyaa, hebu nifunze dada yangu.

DA ZU: Milala ni majani ya mkoma, mti wa jamii ya mnazi, migumu ile, unasukia jamvi, unasukia vikapu. Ukindu unatoka kwenye mkindu, jamii hiyohiyo, laini, ndo wa mikeka ya kulalia na misala ya kuswalia. Sisi Pemba majani yakishachanwa tayari kwa kusuka tunasema tu miyaa. Ukisikia mwanamke anasema "naenda kuroweka miyaa yangu" ujue kesho baraza itajaa.

SIDE: Anaroweka kwa nini?

DA ZU: Yakiwa makavu yanakatika bwana. Yaani ile kazi ni ndefu, unakata yale majani machanga ambayo hayajafunguka, unayaanika juani mpaka yanageuka meupe, unachana kwa ukucha au sindano yawe membamba sawasawa, ya rangi unayachemsha na rangi ya dukani kwenye sufuria ambalo ujue hilo halirudi tena jikoni, bibi yangu alikuwa nalo moja ndani jekundu nje jeusi sisi watoto tulikuwa tunaliogopa. Halafu ndo unasuka ukili, ule utepe mrefu, na huo ukili ndo unaungwa ubavu kwa ubavu unapata mkeka. Watu wanadhani mkeka unasukwa mzima mzima kama ulivyo, aa, unashonwa ule.

SIDE: Mimi nilikuwa nadhani hivyo hivyo kusema kweli.

DA ZU: Na ukili unatembea nao. Hiyo ndo raha yake. Ikishaswaliwa Alasiri bibi anabeba kibunda chake kwapani anaenda kwa shoga yake, njiani anasuka, akifika anasuka, umbea unaendelea mikono inaendelea, haangalii hata. Ukimuona kaangalia mikono ujue umbea umekuwa mzito kapoteza hesabu, hahaha.

SIDE: Kwetu kazi kama hiyo ilikuwa ya vitambaa. Vitambaa vya makochi! Mama alijifunzia shule, kipindi cha sayansi kimu, akatoka hapo hakuna kitu ndani ya nyumba kilichobaki uchi. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, mtungi una kitambaa, tivi ilipokuja nayo ikavishwa siku hiyohiyo.

DA ZU: Vya kufuma au vya kudarizi?

SIDE: Vyote. Na Jumamosi ndo siku ya kanji. Unga wa muhogo kidogo unakorogwa na maji ya moto unakuwa kama uji mwepesi, vitambaa vinachovywa humo, vinaanikwa, vikikaribia kukauka vinapigwa pasi ya mkaa. Vinasimama vyenyewe, ukiegemea kochi vinakukwaruza shingo. Na ole wako ushike na mikono ya mafuta. Mimi nilivichukia sana vile vitambaa, leo naongea vizuri ila nilivichukia.

DA ZU: Na sasa?

SIDE: Sasa ninacho kimoja. Cha ukutani, kimedariziwa maua pembeni katikati KARIBU MGENI, lakini mama alianza na herufi kubwa kwa mbwembwe akafika mwisho nafasi imeisha, kwa hiyo ile I ya mwisho imebanwa kule pembeni ndogo kama sisimizi. Imekaa ukutani miaka yote hiyo. Sisi tukiwa wadogo tunasoma kwa sauti "Karibu Mgen!" mama anakasirika.

DA ZU: Na hakukifumua!

SIDE: Alisema wageni wenyewe wanaokuja wanasoma? Tulipogawana vitu na kina dada, wao wakachukua vile vizuri, mimi nikaomba hicho. Kipo juu ya mlango, hakina kioo wala fremu, nikikiona na vumbi nakifua.

DA ZU: Umenishinda basi, maana mimi nilifanya ujinga. Bibi alinishonea mkeka wa harusi yangu. Mimi nikasema huu ni wa thamani, nikaukunja, nikautia kwenye nailoni, nikauweka juu ya kabati. Miaka tisa Side. Nikawa nawatandikia wageni mikeka ya plastiki ya dukani, ile ya kumwagia maji na mpira. Bibi akaja kunitembelea mara mbili na mara zote hajauona. Hakuuliza. Hilo ndo linaniuma mpaka leo, kwamba hakuuliza.

SIDE: Mh.

DA ZU: Alivyofariki nikaushusha nikiwa nataka tuukalie kwenye hitma yake, kile kisomo cha marehemu. Kumbe bati lilikuwa linavuja pale juu, maji yameingia kwenye nailoni hayana pa kutokea, ukungu upande mzima, ukishika unavunjika. Ungekuwa unalaliwa ungekuwa salama, unaufuta na kitambaa kibichi, unauanika kivulini, jua kali linaukausha na kuuchujisha rangi, basi. Mimi nimeuozesha kwa heshima.

SIDE: Ndo huu tulioukalia?

DA ZU: Ndo huu. Nikafumua ule upande uliooza nikaenda kwa mama, kule Wete Pemba, nikakuta kibunda cha bibi, ukili ameuacha hapohapo na sindano yake. Sasa sikia. Ukili unapimwa kwa pima, unanyoosha mikono yote miwili, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Bibi alikuwa mfupi. Wanunuzi walikuwa wanamlalamikia sokoni, "bibi pima zako fupi," na yeye anawajibu "na mikono yangu nimeipata wapi, dukani?"

SIDE: Hahaha! Hana kosa!

DA ZU: Kila pima alikuwa anafunga uzi mwekundu. Nikaukunjua sakafuni nikanyoosha mikono yangu, imezidi uzi shubiri nzima. Nikakaa pale nikaushika uzi huku na uzi huku, mikono imekunjika kidogo kwenye viwiko, nikajua kumbe alikuwa anaenea hapa. Kwenye picha hutambui hilo.

SIDE: (kimya) Dada Zu bana.

DA ZU: Usinilize kwenye rekodi. Basi ukili wake haukutosha, sehemu iliyobaki ikabidi nisuke mwenyewe. Geuka, tazama huko nyuma yako. Unaona wake unavyobana halafu hapo unaanza kulegea kama kamba ya viatu? Hapo ndo mimi.

SIDE: Aisee panaonekana! Nilidhani panya.

DA ZU: Panya mama yako! Chai hupati.

SIDE: Nisamehe dada. Na huo ukingo huku bado uko wazi, umebakisha kiasi gani?

DA ZU: Pima mbili.

SIDE: Pima zako au za bibi?

DA ZU: Za bibi. Fupi, nafuu yangu. Inuka nitoe birika hilo, unalikalia karibu.