Jeni zinazozuia saratani kusambaa

Ndugu wasikilizaji, nianze na jambo ambalo wengi wetu hulichanganya. Uvimbe wa saratani kukua ni jambo moja. Kusambaa kwake ni jingine. Jeni kama TP53 huzuia seli zisizaliane ovyo. Leo nazungumzia kundi tofauti: jeni ambazo zikiwa kazini, uvimbe wa kwanza unaweza kuendelea kukua vilevile, ila hauzai mwingine mapafuni, kwenye ini au mifupani. Na vifo vingi vya saratani hutokana na huko kusambaa.

Ya kwanza kutambuliwa ni NM23, mwaka 1988, na Patricia Steeg na wenzake nchini Marekani. Walichunguza seli za melanoma (aina ya saratani ya ngozi) ya panya, wakaona zile zenye hulka ya kusambaa sana zina NM23 iliyofifia. KAI1 ikafuata mwaka 1995, kwenye saratani ya tezi dume, kisha KISS1 mwaka 1996. Hii ya mwisho ilipewa jina kutokana na chokoleti ziitwazo Kisses, yaani busu, za mji wa Hershey, Pennsylvania, ilikogunduliwa. Wanasayansi nao wana utani wao.

KISS1 ndiyo inayonivutia zaidi. Ungedhani kazi yake ni kuzibana seli zisitoke kwenye uvimbe. Sivyo. Katika majaribio ya panya, seli zenye KISS1 zilifika mapafuni zikiwa hai, zikatua, zikakaa tu. Hazikukua. Daktari Mwingereza Stephen Paget alisema tangu mwaka 1889 kwamba seli ya saratani ni mbegu, na mbegu haioti ila kwenye udongo unaoifaa. KISS1 huiacha mbegu ifike, ikainyima kuota.

Hilo lina uzito, kwa sababu saratani inapogunduliwa, mara nyingi seli kadhaa zimeshaondoka. Dawa ya kuzuia safari imechelewa. Dawa ya kuzilaza zilikofika bado ina kazi.

Na jeni hizi mara nyingi hazijaharibika, zimezimwa tu: kwa mfano, kemikali iitwayo methili inaweza kuwa imebandikwa kwenye DNA na jeni haisomeki. Kilichozimwa, angalau kwenye maabara, huweza kuwashwa. Kwa binadamu kuna kikwazo ambacho naona hakizungumzwi vya kutosha. Dawa mpya za saratani hupimwa mara nyingi kwa kuangalia kama uvimbe umenywea. Dawa ya aina hii haiufanyi uvimbe unywee. Ili kujua kama imefanya kazi, lazima uwafuatilie wagonjwa kwa miaka, ukingoja kisichotokea.