Ukimtukana Mwenza Wako, Nani Atakusaidia Kula?

REHEMA: Karibuni tena. Leo ni briji ya mtandaoni, ule mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na hasa jambo linaloniumiza: mtu kumtukana mwenza wake. Si mpinzani, mwenza! Kaka Hamisi, unalionaje?

HAMISI: Dada Rehema, nakutana nalo sana. Unakaa na mtu usiyemjua, mko upande mmoja, na mnada, yaani kutaja mizunguko mnayoahidi kula, haujaisha tayari ameandika, "Wewe unajua kucheza kweli?" Wapinzani nao wanasoma.

REHEMA: Kuna wanaosema intaneti ndiyo iliyowaharibu watu.

HAMISI: Ugomvi wa wenza ni wa zamani. Mwaka 1929 kule Kansas City, Marekani, John Bennett alishindwa kutimiza mkataba wa shupaza nne, yaani ahadi aliyotoa kwenye mnada. Wakagombana na mwenza wake mezani, ambaye ndiye mkewe, Myrtle. Akampiga makofi, mke akachukua bastola akamuua. Mwaka 1931 mahakama ikamwachia huru. Lakini wale walikuwa wanaangaliana usoni. Huku mtandaoni mtu anatukana, anabonyeza, ameshaondoka, kiti kitupu na karata hazijaisha.

REHEMA: Mimi naona kuna jambo jingine linalochochea. Mchezo ukiisha, programu inakuonyesha mikono yote minne, na kompyuta inakwambia mizunguko mingapi ingepatikana; mzunguko ni kila mmoja kutoa karata moja, na yenye nguvu inakula. Hapo ndipo matusi yanapoanza.

HAMISI: Hebu waeleze wasikilizaji kwa mfano.

REHEMA: Mkataba ni kopa nne. Kopa ndiyo turufu, na unatakiwa kula mizunguko 10 kati ya 13, maana ile nne huhesabiwa juu ya sita. Umeshahesabu tisa. Wa kumi uko kwenye pau: mkononi una ree na jeki, na mwenza, ambaye huweka karata zake wazi mezani ukazicheza wewe, ana mfalme na kumi. Malkia wa pau hamna. Yuko kwa mpinzani wa kushoto au wa kulia? Unaweza kumwinda upande wowote, ila lazima uchague mmoja. Katika mnada wapinzani hawakusema neno, na karata walizokwisha kutupa hazikuambii kitu. Unachagua kushoto, kumbe yuko kulia. Umekula tisa.

HAMISI: Na kompyuta inaandika kumi.

REHEMA: Inaandika kumi kwa sababu inaziona karata zote 52! Wewe uliona 26 tu, zako na za mwenza wako, pamoja na zile walizokwisha kutupa. Sasa yule mwenza, naye ameshaona zote, anakuja na "mjinga wewe, malkia si yule pale?" Huo ni uonevu, kaka. Anamhukumu mtu kwa kitu ambacho hakuna aliyeweza kukijua.

HAMISI: Na hasara yake inakuja kwenye mkono unaofuata. Aliyetukanwa anaanza kuogopa. Ana karata za kupanda hadi nne kwenye mnada, anaishia mbili ili asilaumiwe. Upande mzima unaumia.

REHEMA: Barazani kwenye karata zetu za wahedi wa sitini tunasemana, tena kwa sauti. Lakini tunajuana, na kahawa tunakunywa pamoja.

HAMISI: Sheria ya 74 ya briji ya mashindano inamtaka mchezaji awe na adabu muda wote, na ajiepushe na neno la kumkera au kumwaibisha mchezaji mwingine. Mwenza naye ni mchezaji. Wengi wanadhani inawalinda wapinzani tu.

REHEMA: Kuna desturi naipenda sana: mwenza akiweka karata zake wazi, unamwambia "asante mwenzangu", hata kama ni karata mbovu. Kama kuna la kujadili, msubiri mmalize michezo yote, kisha muulize alikuwa anafikiria nini. Muulize kwa kutaka kujua.

HAMISI: Na ukitukanwa wewe?

REHEMA: Usimjibu. Cheza karata zilizobaki mpaka ya mwisho, kwa sababu wale wapinzani wawili hawajakukosea. Ukimaliza, mfungie asiweze kukuandikia tena, na mripoti kwa wasimamizi.