Mkate wa Celer

ZAINABU: Baraka, leo tuanze na mkate. Uliokwa mwaka 79 baada ya Kristo, na mpaka leo upo makumbusho ya Napoli, Italia.

BARAKA: Ule wa Herculaneum, mji wa Kirumi karibu na Napoli.

ZAINABU: Huohuo. Mlima wa volkano Vesuvius ulipolipuka, joto liliugeuza mkaa, lakini umbo halikupotea. Ni wa duara, umechanjwa juu vipande vinane, kila mtu amege chake. Ubavuni una muhuri: "Wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus."

BARAKA: Kila nikiusoma muhuri ule nafurahi. Mtumwa, na jina lake tunalitaja leo!

ZAINABU: Hapo mimi nasita, kaka. Soma mpaka mwisho. Jina lake halikuachwa peke yake, limefungiwa kwenye jina la bwana wake. Huenda muhuri ulikuwa wa kazi tu: mkiokea tanuri moja, kila nyumba itambue mkate wake.

BARAKA: Sawa, lakini wapo waokaji waliotoka chini wakapanda. Kule Roma, kwenye lango la kale la Porta Maggiore, lipo kaburi la Eurysaces, lililojengwa yapata miaka 30 kabla ya Kristo. Jina lake la Kigiriki, na baba yake hatajwi, jambo ambalo Mroma aliyezaliwa huru hakuliacha kirahisi. Ndiyo maana wanahistoria wengi wanaona alikuwa mtumwa akaachwa huru. Alijiandika mwokaji na mkandarasi.

ZAINABU: Mkandarasi wa serikali?

BARAKA: Ndivyo wanavyoelewa wengi. Na Roma ile ilikuwa na njaa ya ngano isiyoisha. Mwanasiasa Gaius Gracchus alipitisha sheria ya ngano ya bei nafuu mwaka 123 kabla ya Kristo, na mwaka 58 kabla ya Kristo ikawa ya bure. Enzi za Augusto, kaisari wa kwanza wa Roma, waliopokea walifika watu 200,000. Lakini walipewa ngano, siyo mkate. Lazima mtu aisage, akande, aoke. Hapo ndipo mwokaji alipotajirika.

ZAINABU: Juu ya kaburi wamechongwa wafanyakazi wenyewe, au siyo?

BARAKA: Kazi yote ipo, hatua kwa hatua. Punda wanazungusha mawe ya kusagia, watu wanachekecha unga, wanafinyanga mikate mezani, mmoja anaiingiza tanurini, halafu inapimwa kwenye mizani. Waliovaa toga, vazi la raia wa Roma, wamesimama wakisimamia.

ZAINABU: Na wanaokanda hawana majina.

BARAKA: Hawana.

ZAINABU: Basi nikupeleke Pompeii, mji mwingine uliofunikwa na Vesuvius. Mwaka 2023 walitangaza kwamba wamefukua kiwanda cha mikate ndani ya nyumba ya mtu. Chumba kimebanwa, madirisha madogo, juu, yana nondo za chuma. Mlango wa kutokea unaingia ukumbini kwa mwenye nyumba, kwa hiyo huwezi kufika barabarani bila kupita mbele yake. Sakafuni kuna alama zilizochongwa kuongoza nyayo, mnyama azunguke njia ileile, macho yamefungwa.

BARAKA: Watu na punda chumba kimoja.

ZAINABU: Kimoja. Vumbi la unga, moto, usiku na mchana. Nikiona vile vipande vinane vya Celer, chumba kile ndicho kinachonijia. Sijui kama yeye alifanya kazi kwenye chumba cha namna hiyo. Yeye alikuwa mji mwingine. Ila Pompeii, katika nyumba ile, mkate ulipikwa hivyo.

BARAKA: Ngoja, kuna kitu sikukisema kuhusu kaburi la Eurysaces. Mkewe aliitwa Atistia. Maandishi yake yanasema alikuwa mwanamke bora kabisa, na mabaki ya mwili wake yamo "katika kapu hili la mikate."

ZAINABU: Kapu la mikate?

BARAKA: Ndilo neno alilochagua mumewe.

ZAINABU: Rudia jina lake, dada yangu huyo.

BARAKA: Atistia.