Wanajua Kwamba Nyumba ni Mbovu

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie kuihamisha familia ya wahamiaji kutoka nyumba ya kupanga iliyo hatari. Niungame mapema: mara ya kwanza kuifanya kazi hii niliiboronga.

Nilikuta vyumba viwili, watu saba. Ukungu mweusi umepanda ukutani hadi darini, na dirisha la chumba cha watoto lina nondo zisizofunguka kwa ndani. Nikamhubiria baba mwenye familia juu ya ukungu na mapafu ya watoto. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Na tukitoka hapa, usiku wa leo tutalala wapi?" Nikabaki nimeshika daftari langu.

Wenyewe wanajua. Wao ndio wanaoamka usiku kumkalisha mtoto aliyebanwa na kifua. Wanabaki kwa sababu wamepiga hesabu. Nyumba mpya inataka amana na kodi ya mwezi wa kwanza kwa mpigo, na ya zamani bado inadai. Mwenye nyumba mpya anataka hati za mshahara na barua ya yule wa zamani, ambaye miaka yote amepokea taslimu bila risiti. Juu ya yote kuna hofu kwamba ukilalamika utaripotiwa uhamiaji. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Usipoigusa hesabu hiyo, mahubiri yako hayamhamishi mtu.

Kuna hatari ambayo haingoji hesabu hata kidogo, nayo ni gesi ya kaboni monoksaidi, inayotoka kwenye jiko au hita mbovu. Haina rangi wala harufu. Mkisikia nyumba nzima inaumwa kichwa na kichefuchefu kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, msianze kuulizana kama ni mafua. Watu watoke papo hapo, muite zimamoto.

Mengine mengi yanahitaji subira na maandishi. Pigeni picha zenye tarehe. Malalamiko yaende kwa ujumbe wa simu au barua, hata kama mwenye nyumba anaishi ghorofa ya juu, maana ya mdomo hukanushwa. Kodi ikilipwa taslimu, mtumieni ujumbe siku hiyohiyo: "Leo nimekukabidhi kodi ya mwezi huu." Akijibu "sawa", hiyo ndiyo risiti yenu. Na nawasihi, msimshauri mtu agome kulipa kodi kabla hajaonana na mwanasheria wa wapangaji. Sehemu nyingi mgomo huo unageuka deni, na deni linampa mwenye nyumba njia rahisi ya kumfukuza.

Mkalimani asiwe mtoto wa nyumba hiyo. Niliwahi kumtumia binti wa miaka kumi na moja. Baadaye nikagundua alikuwa anayaruka maneno ya vitisho ili mama yake asiogope. Alitafsiri kwa huruma, na sisi tukapanga mambo kwa habari nusu.

Wengine mtasema haya ni makaratasi tu. Nchini Uingereza, Desemba 2020, mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, alifariki mjini Rochdale kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kukaa muda mrefu kwenye ukungu. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba alianza kulalamika mwaka 2017, akaambiwa aupake rangi. Rangi haiondoi unyevu! Waliowapangisha walidhani ukungu umeletwa na namna familia inavyoishi. Leo kuna Sheria ya Awaab inayowabana wapangishaji wa nyumba za jamii, yaani zile za kodi nafuu, na hatari ya dharura inatakiwa ishughulikiwe ndani ya saa 24. Dhana ile kwamba "hawa ndivyo wanavyoishi" mtakutana nayo, pengine hata ndani ya vichwa vyenu.

Siku ya kuhama yenyewe ni ndogo kuliko mnavyofikiri. Kagueni magodoro, msihame na kunguni. Nyumba ikishakuwa tupu, pigeni picha kila chumba, na funguo zirudi kwa maandishi, la sivyo amana imekwenda.

Linalosahaulika ni anwani. Barua ya kesi ya uhamiaji ikienda nyumba ya zamani, mtu anakosa tarehe yake ya kusikilizwa na anaweza kuamriwa aondoke nchini, wakati kosa lake ni kuhama. Kule Marekani wageni wengi wanatakiwa kutoa taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10. Kwingine ulizeni kabla ya kufunga boksi la kwanza.

Yule baba wa vyumba viwili alihama baada ya miezi minne. Tulimpata mwenye nyumba aliyekubali kupokea amana kwa mafungu matatu. Kumbe hesabu yote ilikuwa imekwama hapo.

Dada pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja risiti. Karibu, uliza.