Zafarani ya kombe na zafarani ya Tehran

Asalaam aleikum mama zangu, wazee wangu na vijana. Hizi bilauri mbili zina maji baridi. Natia nyuzi tatu za zafarani kila moja, zote za sokoni, kutoka maduka mawili. Tuziache kwanza.

Nani hapa hajapata kunywa kombe? Mnacheka. Bibi yangu aliandikiwa aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikasuuzwa kwa maji ya waridi, akanywa. Mimi mfamasia, habari ya aya nawaachia masheikh. Langu ni wino.

Wino ule umepimwa Tehran. Mwaka 2004 na 2005, mtafiti Shahin Akhondzadeh na wenzake waliloweka nyuzi kwenye alkoholi, wakakikausha kilichotoka, wakawapa watu wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni, isiyo kali miligramu 30 kwa siku, wiki sita. Jaribio moja waliilinganisha na imipramini, jingine na fluoksetini, zote dawa za sonona za hospitali, jingine na vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani. Vile vitupu ilivishinda, na kwa dawa za hospitali tofauti haikuonekana.

Msipige makofi bado! Kila jaribio lilikuwa na watu 30 au 40 tu. Safu hizi za mbele zinawatosha. Kwa watu wachache hivyo, tofauti inaweza kuwapo na usiione. Na wiki sita ni chache kwa ugonjwa unaoweza kuondoka ukarudi mwakani.

Haya, tazameni. Bilauri hii imeshakuwa nyekundu na uzi umepauka: hiyo ni rangi tupu. Hii nyingine inatoa umanjano polepole, uzi bado mwekundu. Hii ndiyo. Kilo moja hutaka maua kama 150,000, kila ua nyuzi tatu, zinachumwa kwa mkono. Ukiuziwa bei ya bizari, jua umeuziwa nini.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Wenye watoto Ulaya huletewa chupa zenye picha ya ua la manjano, Hypericum perforatum. Ujerumani madaktari huwaandikia wagonjwa wa sonona. Mwaka 2008 Cochrane, watafiti wanaopima majaribio ya wengine kwa pamoja, walikusanya majaribio 29 yenye watu 5,489, likaonekana linasaidia kuliko vidonge vitupu. Marekani mwaka 2002 jaribio la watu 340 halikuona hivyo, ingawa hata sertralini, dawa ya hospitali, haikufua dafu katika jaribio hilohilo.

Shida yake si udhaifu. Lina hyperforini, na hiyo hulichochea ini lizivunje dawa nyingine upesi. Mwaka 2000 watafiti walilijaribu pamoja na indinavir, dawa ya VVU. Kiasi cha indinavir kwenye damu kilishuka kwa asilimia 57. Dolutegravir, nayo dawa ya VVU, ambayo watu wengi kwetu wanaimeza kila siku, nayo hushushwa. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo. Mtu hakosi dozi hata siku moja, na bado dawa haimtoshi, na hajui kwa nini. Ukilichanganya na fluoksetini ni balaa jingine: jasho, kutetemeka, homa, moyo kwenda mbio.

Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, si majani tu haya?" Nikamuuliza, na kwinini je? Si gome la mti?

Aliye na chupa mkobani alete hapa mbele, tusome pamoja karatasi yake. Na dawa unazomeza uzitaje zote, hata zile za siri, nitakusikiliza pembeni.